Watatu wamepanda treni moja, kila mmoja amerudi na hadithi yake: nimwamini nani?

Swali: Kaka yangu anafanya kazi Riyadh, na ametualika mimi na mwanangu Nasra, mwenye miaka 12, likizo ya mwezi wa sita. Huko kuna rolakosta mpya, ile treni ya michezo ya kupanda na kuporomoka, inaitwa Falcon's Flight, ile inayorushwa kwa umeme. Vijana wake watatu wameshaipanda, siku moja, na wamenichanganya kabisa. Wa kwanza anasema ni laini kama SGR, hata hakuogopa. Wa pili anasema macho yaliingia giza akajua ndiyo basi tena. Wa tatu anasema hakuona kitu, upepo tu usoni, na shingo ilimuuma siku mbili. Nani mkweli hapo? Na umeme ukikatika tukiwa katikati? Mimi nina miaka 44 na natumia dawa za presha. — Mama Nasra, Tandika

Mama Nasra, hakuna aliyekudanganya hata mmoja. Nilikaa miaka sita Ghuba nikiwa fundi mitambo kwenye bustani ya michezo, kabla sijarudi hapa Dar, na treni za namna hiyo ndizo zilizonilisha. Jioni zamu ikiisha nilikuwa napenda kusimama mlango wa kutokea nisikilize watu. Wametoka behewa moja, jasho halijawakauka, lakini kila mtu anasimulia safari yake. Mwanzoni nilidhani wanatia chumvi. Baadaye nikawa na maswali yangu mawili: ulikaa safu ya ngapi, na mara ya mwisho umekula saa ngapi? Nikishajibiwa hayo, nusu ya hadithi nilikuwa naijua kabla sijasimuliwa.

Falcon's Flight yenyewe sijaipanda, niliondoka kabla haijafunguliwa. Niliyoipanda siku za mapumziko mpaka mlinzi wa getini akanizoea ni Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, ambayo ilishika ubingwa wa mwendo tangu Novemba 2010. Inakwenda kilometa 240 kwa saa. Hii ya Riyadh, iliyofunguliwa pamoja na bustani ya Six Flags Qiddiya City tarehe 31 Desemba 2025, inafika 250. Zote zimetengenezwa na kampuni moja, Intamin, kwa hiyo ukimjua dada mtu unaanza kumwelewa mdogo mtu.

Ukubwa wake nikupe kwa vipimo vya nyumbani. Reli yake ina urefu wa meta 4,250. Daraja la Tanzanite lina kilometa moja na kidogo. Basi fikiria umelipita kwenda na kurudi, halafu tena kwenda na kurudi, ukiwa umefungwa kwenye kiti kisicho na paa. Kimo kinahesabiwa meta 195, maana wameitumia na miteremko ya milima ya Tuwaiq iliyopo pale. Hatuna ghorofa Dar linalofika huko, hata lile la Bandari. Kwa mpigo mmoja imechukua mataji matatu yaliyokuwa kwa wenyewe tofauti: mwendo kutoka Abu Dhabi, urefu wa reli kutoka Steel Dragon 2000 ya Japani, na kimo kilichokuwa cha Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, iliyofungwa 2024 na kuangushwa kwa baruti Februari 2025.

Sasa tuje kwenye hadithi za vijana. Ili uelewe kwa nini zinapishana, kuna jambo moja lazima tulimalize kwanza, nalo ni kwamba mwili wa binadamu hausikii mwendo.

Umeshapanda SGR kwenda Morogoro au Dodoma? Pale kwenye skrini inaandika 160, lakini chai yako imetulia kwenye kikombe na mtoto wa jirani amelala. Sasa panda daladala la Mbagala saa kumi na moja jioni, umesimama, dereva anatoka kituoni kwa hasira kwa sababu mwenzake amemuwahi. Hapo mwendo wenyewe labda ni 20, lakini umeshamkanyaga mtu na umeshika bomba kwa mikono miwili. Mwili unachosikia ni mwendo kubadilika: kuongezeka ghafla, kupungua ghafla, kukunja kona. Mwendo ukishatulia, hata uwe mkubwa vipi, mwili unanyamaza, unabaki upepo na macho tu kukuambia kwamba unakwenda.

Rolakosta za zamani zinavutwa mlimani kwa mnyororo, zinakwenda tak-tak-tak polepole, una muda wa kutubu dhambi zako zote mpaka kileleni, halafu zinaachiwa. Hizi za kurushwa hazikupi huo muda. Unakaa kwenye usawa, kimya, pengine unaona njia imenyooka mbele yako, mara kitu kinakusukuma mgongoni. Formula Rossa inatoka sifuri hadi 240 kwa takriban sekunde tano. Ndege utakayopanda pale uwanja wa Nyerere nayo itaacha ardhi ikiwa kwenye mwendo unaokaribia huo, ila inatumia kama nusu dakika kuufikia. Ile hali ya kubanwa kwenye kiti ndege inapochanja mbuga, izidishe mara tano au sita. Ukitaka kuijaribu nyumbani, lala chali sakafuni umwambie mtoto wa darasa la tatu akukalie kifuani kwa sekunde tano. Ndiyo hiyo hiyo, hakuna muujiza zaidi. Watu wakisikia nasema hivi wanavunjika moyo, lakini hesabu ndiyo inavyosema: msukumo ule ni kama mara moja na nusu hivi ya uzito wako, haufiki hata mbili.

Kinachotofautisha mrusho mmoja na mwingine ni namna nguvu inavyoingia, na hapo ndipo wapenzi wa michezo hii wanapogombana usiku kucha. Kuna ya upepo uliobanwa. Japani, kwenye bustani ya Fuji-Q, kulikuwa na Do-Dodonpa iliyofika 180 kwa sekunde 1.56. Piga hesabu utaona msukumo wake ulipita mara tatu ya uzito wa mtu. Ile ilikuwa inapiga kama teke la punda. Ilisimamishwa Agosti 2021 baada ya abiria kuripoti kuvunjika mifupa, ya shingo na mgongo, na mwaka 2024 wenyewe wakatangaza hairudi tena. Mimi nilikuwa kazini Ghuba habari hizo zilipotoka, na nakumbuka mkubwa wetu wa zamu alizibandika ukutani bila kusema neno.

Kuna ya mafuta yaliyoshindiliwa, kama winchi: pampu zinasukuma mafuta kwenye mitungi yenye gesi ya naitrojeni mpaka ishibe, kisha zinaachiwa zote kwa pamoja, waya mnene unavutwa na treni inaburutwa. Ndiyo ya Formula Rossa, na ndiyo iliyokuwa ya Kingda Ka. Inaanza kwa mshtuko mtamu, lakini ina vitu vingi vya kuchakaa, na ikigoma inagoma kweli. Nitakuwa mkweli, sikuwahi kuipenda kazi ya mitambo ya mafuta, nguo hazitakati.

Halafu kuna ya sumaku, ambayo ndiyo ya Riyadh. Kwenye reli kumepangwa koili za waya, mfululizo, na chini ya treni kuna sumaku za kudumu. Kompyuta inajua treni iko wapi kwa sensa, yaani vifaa vya kuhisi, zilizopangwa njiani, na inawasha koili kwa zamu, ya mbele inavuta na ya nyuma inasukuma, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo ya maji. Hakuna kinachogusana. Nguvu inaingia kwa utaratibu, inapanda, inashikilia, inaachia. Na kwa kuwa koili unaweza kuziweka popote, treni inasukumwa tena njiani, siyo mwanzo tu. Falcon's Flight ina sehemu tatu za kusukuma.

Kwa hiyo kijana wa kwanza aliyesema ni laini kama SGR, mimi namwelewa kabisa. Sumaku ni laini. Ukiniambia pia alikaa safu za katikati, nitakuambia hata huyo angeweza kusinzia. Katikati umekingwa upepo na wa mbele yako. Treni inapovuka kilele, wa mbele anakivuka taratibu kwa sababu mabehewa mengine bado yanapanda nyuma yake yanamshikilia. Wa mwisho anavutwa na wenzake walioshaanza kuporomoka, anapita pale juu kwa kasi, makalio yanaacha kiti. Wa katikati hapati hili wala lile. Nilikuwa nawaweka pale wageni wa wakubwa, wale wanaotaka picha tu.

Wa tatu, aliyeona upepo tu na kurudi na shingo, nitashangaa ukiniambia hakukaa mbele kabisa. Safu ya mbele vijana wanaipigania, wanapanga foleni yake peke yake, na sisemi ni mbaya. Lakini upepo haukui sambamba na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo inazidi mara nne. Kwenye bodaboda ya 60 bila helmeti macho yanatoka machozi, si ndiyo? Kwa 240, upepo ule unakusukuma uso mara kumi na sita ya hapo. Abu Dhabi abiria hupewa miwani ya kuvaa, maana punje moja ya mchanga kwa mwendo huo si mchanga tena, ni risasi ndogo. Nimeshaona mdudu amebaki kwenye kioo cha miwani ya mtu kama muhuri wa posta.

Na shingo? Hiyo ni ya kujitakia, aniwie radhi. Mtu wa mbele anataka kuona, anainamisha kichwa mbele kuchungulia reli, na sekunde ile ile mrusho unaingia. Kiwiliwili kimeegemea kiti, kimeondoka pamoja na treni. Kichwa kimeachwa nyuma sentimeta kumi, kinakuja kugonga kiegemeo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne, tano. Dawa yake ni rahisi hadi inachekesha: kabla ya mrusho, bandika kisogo kwenye kiegemeo na ukiache hapo, utazame mbele kwa macho tu. Mikono juu utainyoosha baadaye, ukishajua treni ina tabia gani.

Wa pili ndiye anayenipa wasiwasi kidogo, na ndiye ningependa umsikilize kuliko wenzake, kwa sababu yako wewe.

Macho kuingia giza hakuletwi na mrusho. Kunaletwa na kule chini kwenye mabonde, treni inapotoka kuteremka na kuanza kupanda tena. Pale uzito wako unaweza kuzidi mara tatu, mara nne kwa muda mfupi, na unakushindilia kuelekea chini, kichwani kwenda miguuni. Damu nayo ina uzito, inafuata miguu. Moyo unahangaika kuipandisha, na wa kwanza kulalamika ni macho: rangi zinapauka, pembeni kunakuwa kweusi, unabaki unaona kama unachungulia kwenye bomba. Treni ikitoka kwenye bonde, damu inarudi, mwanga unarudi. Kwa kijana mzima hiyo ni sekunde moja mbili na inakwisha. Muulize kaka yako kijana huyo alikula nini siku ile. Nina hakika utaambiwa alishinda juani kwenye foleni na soda moja, au alikuwa amefunga. Mwili uliokauka maji una damu isiyo na shinikizo la kutosha, na Riyadh mwezi wa sita joto linapita nyuzi 40. Sisi tulikuwa tunabeba chupa za maji kwenye mikanda kama askari.

Marubani wa ndege za kivita wanafundishwa kukaza mapaja, makalio na tumbo kabla uzito haujaingia, ili damu isipate pa kushukia, na kupumua kwa mikupuo mifupi. Hata kwenye rolakosta inasaidia. Ukiona treni inaelekea chini, kaza. Ikishatoka bondeni, legeza.

Lakini Mama Nasra, wewe una presha, na hapa fundi anaweka bisibisi chini. Bustani zote za namna hii zinabandika tangazo mlangoni: mwenye presha, mwenye moyo, mjamzito, mwenye mgongo au shingo mbovu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, asipande. Watu wanapita pale kama wanapita bango la soda. Tangazo lile halikuwekwa kwa kuogopa kesi tu. Mtu mwenye presha anaingia kwenye mrusho, hofu inapandisha presha yenyewe, mabonde yanaishusha ya kichwani, inapanda tena. Na baadhi ya dawa za presha zinaufanya mwili uwe mzito kujirekebisha haraka. Nenda kwa daktari anayekuandikia dawa, mtajie jina la dawa na umwambie waziwazi: ninataka kupanda kitu kinachokwenda 250. Akikuambia hapana, usimtafute wa pili. Kuna wengi wanaosimama chini na kushika mikoba ya wenzao, na wanakula aiskrimu.

Umeme ukikatika. Nilijua utauliza, sisi watu wa Dar hatuwezi kuona mtambo bila kuwaza hilo.

Kwanza nikushangaze. Treni ya tani 10, tuseme, ikifika 240 kwa saa imebeba nishati kama ya unit sita za LUKU. Sita tu. Friji yako inazimaliza kwa siku tatu nne. Ugumu wake ni kwamba unit hizo sita zinatakiwa zote ndani ya sekunde tano, na hapo ni kama pasi elfu nne za umeme zimechomekwa kwa mara moja. Kwa hiyo katikati ya mrusho, umeme ukikatika, treni inakosa msukumo, basi. Haikupata mwendo wa kutosha kupanda kilima, itapanda mpaka itakapochoka na kurudi kinyumenyume. Kingda Ka ilikuwa inafanya hivyo mara kwa mara hata umeme ukiwepo, upepo ukiwa mkali au treni ikiwa na baridi, na kuna watu walikuwa wanaomba Mungu iwatokee wao, maana ni kama umepanda mara mbili kwa tiketi moja.

Inaporudi, nani anaisimamisha? Sumaku tena, na hizi hazihitaji umeme hata chembe. Kwenye treni kuna bapa la shaba au aluminiamu, kwenye reli kuna sumaku za kudumu zimetazamana, au kinyume chake. Bapa likipita katikati ya sumaku kwa kasi, ndani yake unazaliwa umeme unaozunguka, nao unatengeneza usumaku wake unaokataa mwendo. Kadiri unavyokuja kwa kasi ndivyo unavyokataliwa kwa nguvu. Hamna waya wa kukatika hapo, hamna mafuta ya kuvuja. Udhaifu wake ni mmoja: treni ikishapunguza mwendo sana, breki nayo inalegea, kwa hiyo kusimama kabisa kunamaliziwa na breki za kubana, na hizo zimetegwa zibane zenyewe umeme au upepo uliobanwa ukikosekana.

Kama huamini, mwambie Nasra atafute sumaku kutoka kwenye diski ya kompyuta iliyokufa. Mafundi wa Kariakoo wanazo, ni ndogo lakini zina nguvu, angalieni zisiwabane vidole. Chukueni kipande kinene cha aluminiamu, hata kitako cha sufuria nzito, mkiinamishe, na muiachie sumaku iteleze. Sumaku haishiki aluminiamu, mnajua. Lakini itateremka kwa uvivu, kama inateleza kwenye asali. Nilimwonyesha binti yangu hivyo jikoni, akairudia mpaka mama yake akaidai sufuria yake.

Kwa hiyo sumaku sizihofii. Nikilala nikaota kazi, naota vitu vidogo. Mwaka 2021, Ohio, kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni ya Top Thrill Dragster kikamjeruhi vibaya mtu aliyekuwa amesimama kwenye foleni, hata hajapanda. Treni ile haikuwahi kurudi katika umbo lake. Waliijenga upya kwa kurushwa na sumaku na kuifungua 2024, nayo ikafungwa baada ya siku chache kwa matatizo ya mabehewa, ikarudi mwaka uliofuata. Ndiyo maana alfajiri, kabla ya geti kufunguliwa, mafundi wanatembea reli kwa miguu na tochi, boliti kwa boliti, na treni inarushwa tupu, au na madubwana ya plastiki yaliyojazwa maji badala ya watu.

Siku moja pale nilipokuwa nafanya kazi, saa nne asubuhi, treni ikakataa kuruka. Abiria wamefungwa, wimbo umeshapigwa, taa za kijani, kimya. Dakika moja. Mbili. Watu wakaanza kuzomea, jamaa mmoja akapiga makofi ya kejeli. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja mwekundu: kiti cha kushoto, safu ya tano. Kile chuma kinachobana mapaja kina vitasa viwili visivyotegemeana, na kompyuta inataka kusikia kutoka kwa vyote. Kimoja kilisema nimefunga. Cha pili hakikujibu. Nikaenda, nikapiga magoti, nikakuta sensa imefunikwa na vumbi la jangwani, jembamba kama unga wa ngano. Nikaifuta kwa pindo la shati langu. Kitasa kilikuwa kimefunga muda wote. Treni ikaruka, wakashangilia kana kwamba mimi ndiye niliyeisukuma. Mtu aliyekaa kile kiti hakujua kwamba kompyuta ilikuwa inamgombania yeye. Kwa hiyo treni ikichelewa kuruka mkiwa mmekaa, msilaumu. Ikichelewa, maana yake kuna kitu kinaangaliwa.

Kuhusu Nasra. Hapo wanaangalia kimo kuliko umri. Formula Rossa inataka sentimeta 140. Hii ya Riyadh someni masharti yake kabla hamjakata tiketi, na mumpime nyumbani bila viatu, mgongo ukutani, ili asiende kulia mbele za watu. Akifika kimo na akataka mwenyewe, mwacheni. Asipotaka, msimbembeleze na msimtanie. Mtoto aliyelazimishwa anabana pumzi, na anayebana pumzi ndiye anayetapika. Mumweke safu ya katikati mara ya kwanza, pembeni ya binamu yule wa kwanza, jioni jua likishazama. Jioni inafaa kwa joto, lakini ujue na hili: mpaka muda huo magurudumu na grisi vimeshapata moto tangu asubuhi, treni inateleza vizuri zaidi, na giza linakuondolea alama za kukuambia kona iko wapi. Wanaotaka upole zaidi wapande zile za kwanza asubuhi, chuma bado kina usingizi.

Nguo: suruali au gauni lisilopepea, viatu vya kufunga. Ushungi si tatizo, ila ubanwe kwa ndani na ncha zote ziingizwe kwenye shati, kusibaki hata ncha ya kushikwa na upepo. Wahudumu wa kike wa kule wanaijua kazi hiyo, waulize tu. Simu hata mkiambiwa mfuko una zipu, iacheni kwenye kabati. Tulikuwa na wavu chini ya kilima cha kwanza, na kila Jumapili tulikuwa tunauvua kama wavuvi wa Feri: kandambili za mguu mmoja, miwani ya jua, simu zilizopasuka, na mara moja meno ya bandia, ya juu yote, ambayo mwenyewe hakuja kuyaulizia. Wigi ndiyo ilikuwa samaki wetu wa kila siku. Tuliwahi kuzipanga sita kwenye benchi zikakauke.